Darsa: Mnyama wa Kufuga katika Nyumba Yenye Watoto Wadogo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

SUALA

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu ana watoto watatu, mkubwa wao wa miaka sita, na mdogo bado atambaa. Watoto hao walimng'ang'ania awatafutie mnyama wa kucheza naye, naye akawaletea mtoto wa paka. Siku moja yule mkubwa alimtia paka ndani ya kasha la mbao ili asitoroke, akalifunika, kisha akaenda chuoni na kumsahau. Kasha lilikuwa juani. Waliporudi alasiri walimkuta amekufa. Baba akamtia mtoto fimbo, na katika ghadhabu yake akamwambia kuwa yeye sasa ni mtu wa Motoni, kama yule mwanamke wa hadithi. Tangu siku ile mtoto huamka usiku akiuliza kama ni kweli kuwa ataunguzwa.

Ndugu yetu auliza mambo mawili. La kwanza, je, mtoto huyo ameingia katika onyo la hadithi ile? La pili, ni mnyama gani afaaye kwa nyumba kama yake, au ni bora asifuge kabisa?

JAWABU

Twaanza na suala la kwanza, kwani mtoto analala na khofu, na haifai kumchelewesha.

Hadithi hiyo ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Mtume (s.a.w.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie riziki yake katika wadudu wa ardhi. Lakini mwanamke yule alikuwa mtu mzima, mwenye akili yake, aliyejua alitendalo na akaendelea nalo. Mtoto wa miaka sita hajafikiwa na taklifu, wala haandikiwi dhambi. Naye hakukusudia kuua. Alikusudia kumhifadhi ampendaye, akasahau. Basi si haki kumbebesha mtoto huyu mzigo wa mwanamke yule.

Ndugu yetu ametuomba nasaha, na nasaha ni deni. Kwa hivyo twamwambia wazi. Mnyama yule alikuwa amana, na amana haiwekwi mkononi mwa mtoto wa miaka sita. Aliyemleta paka nyumbani ni baba, na aliyepaswa kuuliza mchana ule paka yuko wapi, amekula nini na amekunywa nini, ni baba au mtu mzima aliyeachwa mahali pake. Kama kuna wa kulaumiwa katika nyumba ile, hakuwa yule aliyepigwa. Yampasa baba amuombe Mwenyezi Mungu msamaha, kisha amkalishe mwanawe karibu yake amwambie kwa ulimi wake mwenyewe kuwa alikosea yeye baba, na kuwa Mola wetu ni Mwenye kurehemu. Jambo hilo halimpunguzii baba heshima hata kidogo.

Ama suala la pili, twasema kuwa kufuga ni halali, nako kuna kheri nyingi kwa watoto. Dalili yake ni hadithi ya Anas bin Malik, ambayo pia imo katika Bukhari na Muslim. Anas alikuwa na ndugu yake mdogo, kitoto kilichokwisha kuachishwa ziwa, akiitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo akicheza naye, na Mtume (s.a.w.) kila alipowazuru alikuwa akimtania mtoto na kumuuliza khabari za ndege wake. Ndege alipokufa hakuyapuuza majonzi ya mtoto. Hadithi hii ni fupi mno, lakini mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliyekufa mwaka 335 wa Hijra, aliitungia kitabu kizima akatoa ndani yake faida zipatazo 60. Miongoni mwa waliyoyachukua wanavyuoni katika hadithi hiyo ni kuwa yajuzu mtoto kucheza na ndege, kwa sharti kuwa ndege hataadhibiwi.

Sharti hilo ndilo tutakalolishika katika darsa hii. Wazazi wengi huuliza, "Mnyama gani atawafurahisha watoto?" Suala lipasalo kutangulia ni jingine: "Mnyama gani ambaye sisi wazee wa nyumba hii twaweza kumtimizia haki yake kila siku, hata siku ambayo watoto wamekwisha kumchoka?"

HAKI YA MNYAMA KATIKA FIQHI

Baadhi ya watu hudhani kuwa kumlisha mnyama ni hisani tu, ukitaka utafanya na usipotaka utaacha. Sivyo. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za mwambao wetu huu, ameiweka nafaka ya wanyama pamoja na nafaka za mke, jamaa na watumwa. Mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: kama mnyama ni wa kuliwa, amuuze, au amlishe, au amchinje, na kama si wa kuliwa, amuuze au amlishe. Wala haifai kumkama mnyama maziwa yote hata akadhurika mtoto wake.

Abu Dawud naye amepokea kwa Abdallah bin Ja'far kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia katika shamba la mtu wa Kiansari, akamwona ngamia anayelia na machozi yakimtoka. Akampapasa mpaka akatulia, kisha akamuuliza mwenyewe kama hamwogopi Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyu aliyemmilikisha, kwani amemshitakia kuwa anamtia njaa na kumchosha. Basi na tujiulize: paka wetu, kuku wetu, njiwa wetu, wangeshitaki nini?

MIZANI YA KUCHAGUA

Kabla ya kumleta mnyama yeyote nyumbani, baba na mama wakae pamoja wajiulize mambo manne.

Kwanza, nani mtu mzima atakayemhudumia kila siku, na nani atakayeshika mahali pake wakati wa safari? Jina la mtoto lisitajwe hapa.

Pili, nyumba inamfaa? Chumba kimoja cha ghorofani Mombasa si sawa na ua mpana wa Malindi au shamba la Kwale.

Tatu, afya ya watoto ikoje? Mtoto mwenye pumu, au anayevimba macho akikaribia manyoya, apelekwe kwanza mara kadha katika nyumba yenye mnyama wa namna ile, aangaliwe, kabla ya kumleta mnyama kisha kumfukuza.

Nne, twaweza kumtunza kwa umri wake wote? Paka akitunzwa vyema huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hufikia 20. Mtoto wa miaka sita atakuwa mtu mzima, na paka angali yupo.

WANYAMA MMOJA MMOJA

Paka. Huyu ndiye twaonaye kuwa anazifaa nyumba nyingi za Waislamu wa miji yetu. Yeye ni tohara. Abu Qatada aliwekewa maji ya udhu, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Mkwe wake, Kabsha, alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii wameipokea Malik, Abu Dawud na Tirmidhi. Na wazee wetu nao wamesema: paka wa nyumba haingwa.

Lakini penye mtoto wa chini ya miaka mitano, ni bora kuchukua paka aliyekwisha kukua, mpole, aliyezoea watu, kuliko kitoto cha paka. Kitoto ni dhaifu, huumia kwa kubanwa, na akiogopa huparura. Tena si vizuri kumtenga na mama yake kabla hajatimia wiki nane. Chakula chake kiwe na nyama au samaki. Ugali na maziwa peke yake haumtoshi, na paka wengi wakubwa huharisha kwa maziwa. Vichwa vya samaki vilivyopikwa, vikatolewa miba, ni chakula chema na gharama yake ni ndogo.

Apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa, na apewe dawa ya minyoo na ya viroboto. Akionekana na mabaka yasiyo na manyoya, atazamwe haraka, kwani choa cha paka huwaambukiza watoto. Mchanga anaojisaidia uondolewe kila siku, kwa sababu viini vya toksoplasma vinavyotoka katika mavi ya paka huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano. Ukiwahi kuyaondoa umejikinga. Mama mwenye mimba asifanye kazi hiyo, wala mtoto. Na paka asiachwe kulala pamoja na mtoto mchanga.

Tena lifikiriwe mapema jambo la uzazi. Paka jike huzaa mara kwa mara, na aibu kubwa ya miji yetu ni vitoto vya paka kutiwa guniani na kutupwa sokoni au ufukweni. Mwenye kufanya hivyo amekwisha kuujua mwisho wao, basi huyu yuko karibu zaidi na mwanamke wa hadithi kuliko mtoto wa ndugu yetu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamekataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Na wako katika wanavyuoni wa zama hizi waliojuzisha kumfunga paka uzazi kwa njia ya kitabibu isiyomdhuru, ikiwa wamezidi na kuleta madhara. Ambaye hakuridhika na kauli hiyo, basi achukue dume, au awe na ahadi za watu wa kuwachukua watoto kabla hawajazaliwa.

Kuku. Kwa mwenye ua, kuku ni mwalimu mwema. Mtoto wa miaka mitatu aweza kumwaga punje akiwa na mama yake, na furaha ya kuokota yai si ndogo. Vifaranga visitiwe mikononi mwa watoto wadogo, maana huvibana vikafa. Na kila aliyeshika kuku aoshe mikono kwa sabuni, kwani kuku huweza kubeba viini vya salmonela viletavyo kuharisha. Na kama kuku atachinjwa, mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza. Kumwachia mtoto ampe kuku jina na kumpenda, kisha akamkuta katika sufuria pasi na kuambiwa, ni kumvunja moyo na kumfundisha kuwa maneno ya wazee si ya kutegemewa.

Njiwa. Wafaa wakijengewa tundu pana wakawa wanaruka na kurudi wenyewe. Wanavyuoni wamewachukia wapandao madarini kwa kisingizio cha njiwa wakachungulia nyumba za watu, na wanaowachezea kamari.

Sungura. Watu humdhani kuwa ndiye mnyama wa watoto, kwa sababu ni mwororo na hana sauti. Kwa kweli sungura hapendi kuinuliwa, na mgongo wake huvunjika akijipigapiga mikononi mwa mtoto. Joto nalo humdhuru. Katika miezi ya kaskazi ya mwambao wetu, kizimba chini ya bati ni tanuri. Asiyekuwa na mahali penye kivuli, upepo na maji wakati wote, amwache.

Kobe, tumbili, komba na ndege wa mwituni. Hawa twawakataza. Tumbili huuma, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuwaweka wanyama wa mwituni pasi na kibali. Kobe ajapokuwa mpole hubeba salmonela. Nchi ya Marekani mwaka 1975 ilipiga marufuku kuuza vitoto vya kasa na kobe kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiwatia vinywani na kuugua. Ama kasuku wa kijivu, huishi miaka zaidi ya 40, naye akiachwa peke yake hujinyonyoa manyoya kwa upweke. Mataifa yalipokutana Johannesburg mwaka 2016 yalikubaliana kuzuia biashara ya kasuku hawa waliokamatwa mwituni, kwa kuwa wamepungua sana. Na Ibn Mas'ud amesimulia, katika Abu Dawud, kuwa sahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha warudishiwe mama yao. Ndege wa Abu Umayr ni dalili ya kujuzu, na ndege huyu ni dalili ya mpaka.

Mbwa. Juu yake imekuja hadithi sahihi ya kupungua thawabu za mwenye kumfuga kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Na Imam Nawawi ameona kuwa yaingia humo kwa kiasi mbwa wa kulinda nyumba. Kwa hivyo mbwa wa kuchezewa na watoto ndani ya nyumba hana ruhusa hiyo. Katika madhehebu yetu mate yake ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni nani atakayeweza kumwosha hivyo mtoto atambaaye?

Lakini hapa pana kosa jingine, nalo limeenea katika watoto wetu wa chuoni: kuwafukuza mbwa kwa mawe, na wazee wakitazama na kucheka. Mbwa kuwa najisi si ruhusa ya kumtesa. Mtu mmoja alisamehewa dhambi zake kwa kushuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Najisi huondoka kwa maji na udongo, na dhulma je, itaoshwa kwa nini?

Tena kumtupia mawe mbwa ni kutafuta kuumwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukisha kudhihiri hauna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa. Serikali ya Kenya mwaka 2014 ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mtoto akiumwa au kuparurwa na mbwa, au na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akapigwe sindano. Kutia pilipili, majivu au kombe si tiba ya jambo hili, na kuchelewa ni kumwua mtoto.

ITIKADI MBOVU

Tumesikia wako wanaomwua paka mweusi kwa kudhani kuwa ni jini, na wako wanaomfuga njiwa mweupe ili azuie husuda isiingie nyumbani. Yote mawili ni upotofu. Paka mweusi ni paka, na njiwa mweupe ni njiwa. Mwenye kuleta nafuu na kuondoa madhara ni Mwenyezi Mungu peke yake, na watoto wetu wasifundishwe kinyume cha hayo kwa matendo yetu.

MTOTO AFUNDISHWE NINI, NA LINI

Kabla ya miaka minne, mtoto aangalie tu, na aguse kwa kiganja kilichofunguliwa, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kila siku aambiwe mambo matatu: mnyama anayekula haguswi, mnyama aliyelala haguswi, na mama mwenye watoto haguswi. Aonyeshwe kuwa paka akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia, amekwisha kusema "basi".

Akiwa na miaka mitano au sita, atie maji katika bakuli mbele ya mzazi. Afundishwe pia kuwa mnyama hafungwi katika kasha, mkoba wala kabati, hata kwa dakika moja.

Akifikia miaka saba, umri ambao tumeamrishwa kumwamrisha sala, na apewe kazi yake moja, na mzazi amkumbushe kama anavyomkumbusha sala. Na kama hatukuiacha sala yake pasi na kuisimamia, basi tusimwachie pekee roho ya kiumbe. Mtoto akifikia kumi, hapo aweza kuulizwa na kuhesabiwa. Udongo uwahi ungali maji; lakini aushikaye udongo ni mfinyanzi, haujifinyangi wenyewe.

MWISHO

Basi kwa ndugu yetu jawabu letu ni hili: kwa sasa asilete mnyama. Kwanza na aitoe khofu ya mtoto wake, na amwonyeshe huruma kwa vitendo: wamwekee maji paka wa mtaani mlangoni, wote wawili pamoja, kila siku baada ya sala ya alasiri. Akiona kuwa yeye mwenyewe, baba, amedumu na kazi hiyo miezi mitatu bila ya kuisahau, basi na achukue paka mmoja mkubwa, mpole, aliyechanjwa. Na akiona ameshindwa, atakuwa ameijua hali ya nyumba yake, na hakuna kiumbe aliyekufa kwa kujaribu kwake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu kuwa katika wenye kuwarehemu viumbe vyake, ili naye aturehemu. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.